Kazi Haiishii Kwenye Modemu

Siku mliyoniaga nikistaafu, mafundi wenzangu, mlinipa maikrofoni, nikasema ahsanteni sana, nikarudi kukaa. Wali ulikuwa unapoa na mimi si mtu wa hotuba. Lakini mmoja wenu, simtaji, alisimama akanitania: "Mzee Elia kampuni ilimtuma kwenye modemu, yeye anakutwa uani kwa watu!" Mkacheka, na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani kicheko kikaniisha. Nikaona nilijibu neno hilo kwa kalamu, maana kwa mdomo nitababaika. Shule nilifika darasa la saba, pale Maramba, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda inyoosheni wenyewe.

Jibu langu ni kwamba kweli, nilikuwa nakutwa uani, na mkinirudisha kazini kesho mtanikuta hukohuko. Huenda nakosea. Nimekuwa nikijiuliza miaka yote kama nakosea. Ndiyo maana nitaweka mezani na maneno ya upande wa pili, hata yale yaliyonishinda kuyajibu, muamue wenyewe.

Wazee wangu waliletwa Maramba na mkonge. Mimi nilishuka Tanga mjini kutafuta kibarua chochote, nikaangukia kwenye simu za waya. Siku ya kwanza nilikabidhiwa ngazi na kuambiwa nimfuate Fundi Hamza, mtu wa Ngamiani, mwembamba, kofia haimtoki kichwani. Tulipofika Raskazone, karibu kabisa na bahari, akafungua kisanduku kwenye nguzo. Ndani viungo vya shaba vimeota unga wa kijani.

"Nini hicho?" akaniuliza.

"Kutu."

"Onja."

Nikadhani ananifanyia mzaha wa wageni. Akanikazia macho. Nikagusa kwa kidole, nikaonja.

"Chumvi," nikasema, natema.

"Haya. Adui yako umeshamjua. Anatoka baharini na hana likizo."

Akatoa kopo la grisi akanionyesha namna ya kuusugua waya mpaka ung'ae, kuufunga, kisha kuupaka. Nyinyi siku hizi mnafunga viungo kwa vifaa vinavyolia vyenyewe vikimaliza. Sivikebehi, vina kazi nzuri. Nasema tu kwamba bahari haijahama.

Jambo la pili alinifundisha Ngamiani, kwa kunishika ukosi wa shati. Kwetu Maramba, kambi ya mkonge, nyumba zilipangwa mstari, ukifuata waya unaingia tu. Nyumba ya Kiswahili, kama mnavyojua, ina ukumbi ulionyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba kushoto na kulia, na katikati ya ukumbi huwa pana pazia. Mimi na ujinga wangu wa Maramba nikalifunua pazia, nafuata waya.

"Unakwenda wapi, bwana?" Fundi Hamza akanivuta kwa nyuma. "Huko kuna watu. Mwanamume mgeni huishia hapa. Ukitaka kupita unapiga hodi, unangoja, na usipoitikiwa unarudi."

Kwa hiyo simu zote za Ngamiani tulizifunga sebuleni, kabla ya pazia. Hakuna aliyeamua kitaalamu. Hapo ndipo fundi mwanamume alipoweza kufika kwa heshima. Miaka ikapita, shaba ikang'olewa, nyaya nyembamba za kioo zikaja na modemu zake, nazo tukazipachika mahali palepale zilipokuwa simu. Ukiuliza kwa nini modemu za mji huu zinakaa sebuleni, mbali na wanaozitumia, sababu ni hiyo. Adabu. Siilaumu. Lakini mtandao haujui adabu wala pazia, unajua ukuta.

Na kuta za mji huu mnazijua. Kuna nyumba Raskazone, kuna chache Ngamiani, zimejengwa kwa mawe na chokaa, dirisha lake ukikaa kwenye kizingiti miguu haifiki nje. Waifai ikigonga ukuta ule inarudi ilikotoka. Halafu ongezeni mapenzi ya wenye nyumba. Modemu ni kitu cha thamani, basi inatiwa ndani ya kabati la vyombo, kati ya birika na vikombe vya wageni, juu yake inafunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono. Nimeondoa vitambaa hivyo vingi kuliko modemu nilizofunga. Mama mmoja aliniambia, "Nawe fundi, unataka ikae uchi?" Nikamwambia hii ni kama jiko, inataka pumzi. Nilipogeuka kukunja ngazi akawa ameshaifunika tena.

Ndipo vikaja vile visaidizi vya waifai. Wengine wanaviita busta. Vilivyo bora zaidi huja kwa seti, kimoja kinachomekwa kwenye modemu kwa waya, vingine vinawekwa mbele zaidi ndani ya nyumba vikipokezana mtandao. Watu waliletewa na ndugu zao wa Muscat, wengine waliagiza Dar. Kampuni ikatoa amri: kazi yetu huishia kwenye modemu. Ukipima pale ukakuta sawa, umemaliza. Vidude vya mteja havituhusu, na vikileta taabu, mwambie avitoe.

Msimamizi wetu wa wakati ule jina lake naliacha, maana hayupo hapa kujitetea. Hakuwa mtu mbaya. Nilimpinga mara kwa mara, na mara moja alinikalisha akanieleza kwa upole: "Mzee Elia, ukimtengenezea mmoja kidude alichonunua mwenyewe, kesho mji mzima utatuita kwa vidude vyao. Kikiungua, umekiunguza wewe. Na yule ambaye waya wake umekatika kabisa, anayetungoja sisi tu, nani atamwendea?" Sikuwa na jibu. Nawaandikia hapa kwamba mpaka leo sina.

Sasa niwape kesi iliyoniletea onyo. Kwa kesi hii niliondolewa mjini nikarudishwa kwenye nguzo za Maramba hadi nilipostaafu, na baadhi yenu mmesikia kwamba niligombana na bosi kwa sababu ya ubishi wa uzee. Sikilizeni ilivyokuwa.

Kulikuwa na nyumba ya mawe Ngamiani, ya bibi mmoja nitakayemwita Bi Tatu. Mwanawe alikuwa amefariki, na mkwewe, Zuhura, alikuwa kizuka, yaani amekaa eda ya mumewe, hatoki wala haonekani na mwanamume asiye ndugu wa karibu. Zuhura alikuwa anapokea simu na maombi ya vyumba kwa nyumba ya wageni moja ya pwani, upande wa Pangani. Mwenye nyumba ile ya wageni alimhurumia akamruhusu kazi aifanyie ndani mpaka eda iishe, simu zote zinapita kwenye mtandao. Lakini mtandao ukawa unamkatikia katikati ya maneno. Wageni wanamwita, halo, halo, kisha wanakwenda kwingine. Mafundi wetu walikwenda zaidi ya mara moja, wakapima sebuleni, wakakuta modemu inakwenda kama mshale, wakaondoka. Hawakukosea, walifuata amri. Asubuhi ile nikatumwa mimi: toa vidude vyao, pima, rudi, kuna mteja mwingine Raskazone.

Nilimkuta Bi Tatu ukumbini, amekaa kwenye mkeka kando ya pazia, anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa ngapi sasa? Wenzio wote walikuja wakaiangalia hiyo taa ya kijani, wakaisifu kama mchumba, wakaenda zao."

Nikapima. Modemu haina kasoro. Nikamweleza kwamba nimeagizwa nivitoe vile visaidizi, alivyovifunga marehemu, kwa kuwa ndivyo vinavyodhaniwa kuharibu. Bi Tatu akageuza shingo akasema na pazia. Zuhura alikuwa chumba cha ndani, na kwa desturi ya nyumba ile hakusema nami. Alimwambia mkwewe, mkwewe akaniambia mimi.

"Anasema ukivitoa, kule chumbani hakufiki hata harufu ya mtandao."

"Muulize, hawezi kukaa hapa sebuleni kwa muda?"

Bi Tatu hakumuuliza. "Sebuleni wanaume wanakuja kutoa pole kutwa. Akae wapi, juu ya kabati?"

Kuvuta waya mpaka chumbani kulitaka kibali na siku nyingine. Nikasema nitaomba. Maneno yakaja kutoka ndani, Bi Tatu akayapokea polepole, mkono umesimama kwenye mchele.

"Anasema bosi wake amempa leo tu, nafasi ya mwisho. Kuna watu wa kundi kubwa watampigia leo kupanga vyumba. Ikikatika tena, kazi anapewa mwingine. Anasema hamlaumu, biashara ni yake." Akatupa chuya. "Hilo la mwisho kasema yeye. Mimi namlaumu."

Nikatoka barazani nikampigia msimamizi. Nikamwambia hali. Akasema, "Modemu iko sawa?" Iko sawa. "Basi umemaliza. Raskazone wanakungoja." Nikasimama pale na simu mkononi. Mimi si mtu jasiri, nawaambieni. Nikarudi ndani nikavua viatu.

Kwanza nilitafuta kosa ambalo kampuni ililisema, na kampuni haikusema uongo. Modemu na kile kidude cha kwanza vyote viwili vilijifanya wakuu wa nyumba, kila kimoja kinagawa anwani na kupitisha mambo kwa njia yake, na simu za kazi kama zile hazipendi milango miwili. Dawa yake si kukitoa. Unakiweka katika hali ya kupitisha tu, ugawaji unaachiwa modemu. Hilo linafanyika kwenye simu ya mwenye vidude. Bi Tatu akaniletea simu ya mkwewe, nikabonyeza, nikaizima pia waifai ya modemu yenyewe ili simu isiwe inang'ang'ania ile dhaifu ya mbali. Nikajiona fundi.

"Mwambie ajaribu."

Akajaribu kumpigia dada yake. Bi Tatu akasikiliza. "Anasema dada yake anaongea kama mtu anayezama."

Hapo nikaanza kujilaumu. Nikafikiri huenda msimamizi anajua zaidi, na mimi namchelewesha mtu wa Raskazone kwa kiburi tu. Nikauliza kama simu inaonyesha mistari ya waifai.

"Anasema imejaa yote."

Mistari imejaa na sauti inazama. Hapo akili ikaamka kidogo.

"Mama, kile kidude cha pili kiko wapi?"

"Mahali pake."

"Mahali pake wapi?"

"Kwake. Chumbani, kando ya kitanda." Akaniona nimemkazia macho. "Sasa mtu hatoki chumbani, nimwache na nini? Birika la chai nimempelekea, redio nimempelekea, feni nimempelekea. Na hicho nikamwambia chukua, kilikuwa cha mumeo, kikae na wewe."

Zamani, akaniambia, marehemu alikuwa amekiweka ukumbini. Bi Tatu alimhamishia Zuhura kwa mapenzi. Mafundi waliotangulia wasingeweza kujua, maana hakuna aliyevuka pazia, na mimi pia sikulivuka. Kidude kimewekwa ndani ya kuta zilezile ambazo mtandao hauzipenyi, kwa hiyo kinampa Zuhura mistari mizuri, na chenyewe hakina cha kumpa. Sikujua nimweleze vipi bibi huyu bila maneno ya kampuni. Nikamtazama alipokaa.

"Mama, hapo ulipo unanisikia mimi?"

"Nakusikia, unapiga kelele."

"Na Zuhura unamsikia?"

"Namsikia."

"Sasa ukiinuka ukaenda ukakaa naye kitandani, mlango umerudishwa, mimi huku sebuleni utanisikia?"

"Nikusikie wapi, na ukuta huu? Aliyeujenga alitaka kuzuia mizinga."

"Na usiponisikia, utamwambia nini?"

Bi Tatu akaweka ungo chini. Akatazama pazia, akatazama modemu kule sebuleni, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo kidude ni mimi."

"Ndiyo, mama."

"Kinataka kukaa ninapokaa mimi."

"Hapohapo."

"Zuhura!" akaita, kicheko kimemjaa. "Mtoe mwenzangu huko aje tukae wote!"

Mkono ukapitisha kidude chini ya pazia. Penye mkeka palikuwa na soketi moja, imeshikwa na friji. Nikatoa waya wa kurefushia kwenye mkoba wangu, nikakipandisha kidude juu ya rafu ya ukumbini, kando ya pazia, mbali na friji, maana bati la friji nalo ni ukuta. Taa ikamulika nyekundu, ikafikiri, ikawa nyeupe. Nikamwomba aache mlango wa chumba wazi, pazia tu liwe limeshuka. Kitambaa hakizuii kitu.

Akampigia tena dada yake. Safari hii sikungoja kuambiwa. Sauti ya Zuhura ilitoka yenyewe nyuma ya pazia, ya kwanza kuisikia tangu niingie: "Fundi, namsikia anatafuna!"

Bi Tatu akaguna. Nikadhani atamkemea kwa kusema na mwanamume. Akasema, "Maneno ya haja hayana ubaya, mwalimu wa madrasa alisema," akaurudia mchele wake.

Vijana wangu, kwa amri ya kampuni kazi yangu ilikuwa imeisha saa nyingi, na hata kwa amri yangu mwenyewe ningeweza kuondoka pale. Lakini dada anayetafuna si kundi la wageni linalopanga vyumba. Nimeona mitandao inayokwenda vizuri mpaka fundi akunje ngazi. Nikakaa barazani. Huyo mtu wa Raskazone alikuwa ananingoja, na haki yake ya kunilalamikia naitambua. Aliitumia, na barua ya onyo ilimtaja. Sikuwa nimemsahau. Nilichagua.

Simu ya kundi ikaingia. Kutoka barazani nilisikia sauti ya Zuhura kwa mbali, imebadilika, imenyooka, sauti ya mtu aliyekaa mezani kwake. Vyumba, vitanda, watoto wangapi, nani hali samaki. Mimi nahesabu moyoni mahali ambapo ingekatika. Bi Tatu akatokeza mlangoni.

"Anaongea."

"Bado?"

"Bado." Akarudi ndani.

Simu yangu ikalia. Msimamizi.

"Uko wapi?"

"Ngamiani."

"Bado? Vidude umevitoa?"

"Sijavitoa. Nimevipanga."

"Mzee Elia, modemu iko sawa au haiko sawa?"

"Iko sawa. Ilikuwa sawa hata jana, hata juzi. Siku zote ilikuwa sawa, bosi, mtu anapoteza kazi na modemu iko sawa."

"Usinipandishie sauti."

"Sikupandishii."

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, umemaliza kazi au hujamaliza?"

"Sijamaliza. Mteja anaongea."

Akaanza kufoka, nami nafikiri kwa upande wake alikuwa na kila sababu, ana gari moja na mji mzima. Nikaiweka simu mbali kidogo na sikio. Mlango wa nyuma yangu ukafunguka kwa nguvu na Bi Tatu akatoka, kidole kiko mdomoni, macho makali kama tumekojoa msikitini.

"Nani huyo anayepiga kelele?"

"Bosi wangu, mama."

"Mwambie anyamaze. Humu ndani kuna mtu yuko kazini."

Nikamwambia.